Jina la Bagamoyo

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jina la mji mmoja wa Mrima, ulioelekeana na Unguja, nao ni Bagamoyo.

Watu wengi husema kuwa asili ya jina hili ni maneno mawili: bwaga moyo. Kubwaga ni kutupa mzigo chini. Lakini moyo hubwagwaje? Hapo ndipo maana zinapoachana.

Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishika njia kutoka Ujiji na Tabora, wakichukua pembe za ndovu mabegani, hata baada ya miezi wakaiona bahari. Kwao jina lilikuwa neno la faraja: tua mzigo, moyo upumzike, safari imekwisha.

Lakini kwa njia ile ile waliletwa watumwa. Kwao, husimuliwa, lilikuwa neno la kuaga: uache moyo wako hapa, maana kwenu hutarudi tena.

Ipi ni ya kweli? Wanahistoria wengi huona ile ya wapagazi ina nguvu zaidi, kwa kuwa Bagamoyo ilikuwa hasa bandari ya pembe, na watumwa wengi zaidi walipitia Kilwa. Hoja hiyo twaikubali. Walakini ile ya pili hatuthubutu kuifuta. Mwenye mzigo aliutua. Yule aliyefanywa mzigo, angetua nini ila moyo?

Basi, mfikapo Bagamoyo, zikumbukeni maana zote mbili. Kwaherini.