Mafunzo Kazini Ndiyo Usaili: Kuwatafutia Kazi Vijana wa Vyuo vya Ufundi Arua na Koboko



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumwandaa mwanafunzi wa ufundi apate kazi. Hoja yangu ni kwamba tunamwandaa kwa kuchelewa, tena tunamwandaa kwa mwajiri ambaye huku kwetu ni adimu. Vyuo vingi hufundisha barua ya maombi na wasifu katika wiki za mwisho, mtihani ukiwa mlangoni. Barua hiyo ataipeleka wapi? Kampuni zenye ofisi ya ajira nyingi ziko Kampala. Arua na Koboko anayeajiri ni mwenye gereji, mchomeleaji wa milango, mkandarasi mdogo aliyepata tenda ya madarasa mawili, mama mwenye cherehani nne sokoni. Hawa hawana muda wa kusoma wasifu. Wanauliza nani amemwona kijana huyu akifanya kazi.

Ndiyo maana nasema mafunzo kazini ndiyo usaili. Lakini tazameni tunavyoyaendesha. Mwanafunzi anapewa karatasi, anaambiwa akatafute mahali mwenyewe. Anapokelewa kwa huruma, anafagia, anatumwa chai, na mwisho kitabu chake kinatiwa sahihi. Fundi hakujua kijana anaweza nini, na kijana hakujua anapimwa. Mwalimu angetangulia yeye, akamweleza fundi kwamba huyu anaweza kuchomelea maungio haya, bado hajashika yale, mambo yangekuwa tofauti. Mwalimu arudi katikati ya kipindi, na mwisho amuulize fundi swali moja bila aibu: ungekuwa na nafasi, ungemwajiri? Kama hapana, kwa nini? Majibu ninayoyasikia mara nyingi hayahusu ufundi. Mwanafunzi alichelewa, aliondoka bila kuaga, hakurudisha spana mahali pake, mteja alipouliza bei, alinyamaza.

Hilo la bei nataka tulikazie. Kijana anayehitimu uchomeleaji anaweza kutengeneza mlango mzuri, ila hawezi kuukadiria. Apime nafasi, ahesabu vyuma, bati, bawaba, vijiti vya kuchomelea, rangi, usafiri na siku zake mwenyewe. Kisha kuna umeme. Hadi mwaka 2024 sehemu kubwa ya mkoa wetu wa West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea bwawa la Nyagak na mitambo ya mafuta, na karakana nyingi zilipanga bei kwa kufuata jenereta. Sasa laini imefika, lakini umeme ukikatika jenereta inarudi. Fundi asiyejua tofauti ya gharama hizo mbili atafanya kazi mwezi mzima na asibaki na kitu. Somo la makadirio lifundishwe karakanani, kwa kazi halisi ya mteja halisi, tangu muhula wa kwanza.

Kuhusu vyeti, tusidharau kile kijitabu cha Worker's PAS kilichoanzishwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, yaani DIT. Kinaonyesha stadi moja moja ambazo mtu amepimwa, hata kama alijifunzia chini ya mti. Kinawafaa sana vijana wa makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule ambao vyeti vyao vilibaki Sudan Kusini au Kongo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, lakini waajiri wadogo wengi hawajui, na wanaogopa kukamatwa. Chuo kiandike waraka wa ukurasa mmoja unaoeleza ruhusa hiyo, kwa lugha nyepesi, kijana aubebe.

Halafu kuna mpaka. Barabara ya lami ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, inapita Arua na Koboko, ikitoka mpaka wa Kongo hadi mlangoni mwa Sudan Kusini. Mafundi wetu wengi walipata riziki huko Juba na Yei, mpaka vita vya Desemba 2013, na tena vya Julai 2016, vilipowarudisha mikono mitupu. Sisemi wasivuke. Nasema chuo kisimwelekeze mwanafunzi upande mmoja tu. Na popote atakapokwenda, atahitaji lugha: Kilugbara Arua, Kikakwa Koboko, Kiswahili gerejini, Lingala akienda soko la Ariwara upande wa Kongo. Mwanafunzi aliyezoea kueleza kasoro ya injini kwa Kiingereza cha mtihani pekee hajawa tayari kumpokea mteja. Amsimulie mteja tatizo, amwambie litachukua siku ngapi, amwonyeshe kifaa kibovu alichotoa.

Wasichana waliosomea umakanika na umeme wapelekwe wawili wawili, kwa fundi ambaye mwalimu amemtembelea na kumwamini. Tusiwaache wajitetee peke yao.

Nanyi wafadhili, nina ombi kwenu. Vifaa vya kuanzia mnavyogawa siku ya mahafali huuzwa upesi, kwa sababu kijana ana mashine lakini hana pa kuiweka wala kodi ya chumba. Afadhali wanne wagawane karakana moja iliyolipiwa miezi sita, vifaa vikibaki mali ya kikundi.

Pendekezo langu kwa kila chuo kilichowakilishwa hapa ni kumpunguzia mwalimu mmoja vipindi ili kazi hii ya kuwaunganisha wanafunzi na mafundi iwe yake, na kumpa nauli ya boda na vocha ya simu. Awe na daftari la mafundi wa Arua na Koboko, na daftari la wahitimu. Kila mhitimu apigiwe simu baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, aulizwe anafanya nini, analipwaje, na ni kitu gani hakufundishwa. Daftari hilo la wahitimu liletwe mbele ya bodi ya chuo kila muhula, pamoja na matokeo ya mitihani.