Nasaba Iliyokatikia Baharini

Kusini mwa jiji la Doha, mji mkuu wa Qatar, kuna mtaa uitwao Mesaimeer. Hivi leo mtaa huo umemezwa na jiji. Una makaburi makubwa ya Waislamu na, tangu mwaka 2008, una makanisa ambayo siku za Ijumaa hujaa wafanyakazi wa kigeni, wakiwemo wengi kutoka Kenya na Uganda. Lakini mwaka 1851 Mesaimeer palikuwa nje kabisa ya mji, na mwezi Juni mwaka huo majeshi ya Faisal bin Turki, mtawala wa Najd, yalipambana hapo na watu wa Doha.

Kiongozi wa Doha wakati huo alikuwa Mohammed bin Thani. Kutoka kwake nasaba husimuliwa bila ya kigugumizi: mwanawe Jassim, aliyefariki mwaka 1913, mjukuu wake Abdullah, aliyetawala hadi mwaka 1949, na kitukuu chake Ali, aliyemrithi Abdullah. Katika nchi za Ghuba mtu hujulikana kwa mlolongo wa aina hiyo. Huko Uingereza hata mwanakijiji asiye na cheo chochote aghlabu huweza kuwafuatilia wazee wake kwa karne kadhaa, kwa kuwa mwaka 1538 makanisa yaliamriwa kuandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko.

Wapo hata hivyo Waqatari ambao hawana daftari la kanisa wala mlolongo wa kabila. Hao ni vizazi vya watu waliochukuliwa kutoka pwani na bara ya Afrika Mashariki.

Safari ya wazee wao inafahamika vyema kuliko majina yao. Majahazi yalitweka Zanzibar na bandari nyingine za pwani kwa upepo wa kusi, yakatia nanga Sur na Maskati nchini Oman, na kutoka huko watu wakauzwa tena hadi ndani ya Ghuba. Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, biashara hiyo ilipungua lakini haikufa. Ulimwengu ulikuwa unadai lulu, na lulu ilihitaji mapafu ya wazamiaji. Mpiga mbizi alishuka chini ya bahari akiwa na jiwe mguuni na kibanio puani, mara nyingi kwa siku moja, tangu mwezi Mei au Juni hadi Septemba. Mtumwa alipiga mbizi kama muungwana, ila fungu lake lilichukuliwa na bwana wake.

Aliyenunuliwa alipewa jina jipya: Mabruk, Faraj, Almas, Yaqut. Msikilizaji wa Mombasa au Bagamoyo hatapata taabu kuyatambua, maana huko ni akina Mabruki, Faraji na Almasi. Ni majina ya baraka na ya vito, na ajabu yake ni kwamba yalibandikwa kwa watu ambao hawakuulizwa walikuwa wakiitwa nani. Jina la baba lilibaki ng'ambo ya bahari. Mtoto aliyezaliwa Doha akawa mwana wa Faraj, na Faraj hakuwa mwana wa mtu.

Mwaka 1916 Sheikh Abdullah bin Jassim alitia saini mkataba na Uingereza. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku, lakini Waingereza hao hao walikubali kwamba waliokwisha kumilikiwa waendelee kumilikiwa, mradi watendewe wema. Kwa hiyo kizazi kingine kizima kikazaliwa utumwani chini ya maandishi yenye mihuri ya serikali mbili. Hata kazi ya mafuta ilipoanza huko Dukhan, walikuwepo vibarua waliopokea mshahara kwa mkono mmoja na kukabidhi sehemu yake kubwa kwa mabwana zao kwa mkono wa pili.

Utumwa ulifutwa mwaka 1952, katika utawala wa Sheikh Ali, kitukuu yule aliyetajwa. Fidia ililipwa, nayo walilipwa mabwana.

Wengi wa waliokombolewa waliendelea kutumia jina la kabila la waliowamiliki, na sheria ya uraia ikaja kuwafaa. Sheria ya mwaka 1961, na baadaye ile ya mwaka 2005, ziliwahesabu kuwa Waqatari wa asili wale walioishi nchini kabla ya mwaka 1930. Aliyeletwa kwa nguvu akiwa mtoto, mradi aliletwa mapema, wajukuu wake ni raia kamili. Ilhali Mkenya anayefanya kazi Doha leo kwa hiari yake hukaa kwa kibali tu, na kwao ndiko wanakokulia wanawe. Uraia, hata hivyo, haukumaliza kila jambo. Inapofika posa, wazee wa makabila aghlabu huuliza asili, na jina la kabila pekee halitoshi kuwa jibu.

Kwa muda mrefu mambo haya hayakuzungumzwa hadharani. Mwaka 2015 ilifunguliwa katika mtaa wa Msheireb, Doha, makumbusho ya Bin Jelmood, ndani ya nyumba ambayo zamani ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, na humo historia hiyo inaelezwa waziwazi.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo haikungoja makumbusho. Ni leiwa, ngoma inayochezwa arusini katika nchi za Ghuba, ambapo wachezaji huzunguka polepole huku zumari ikilia na ngoma zikipigwa katikati. Miongoni mwa ngoma hizo imo inayoitwa msondo, kama ile ya pwani ya Afrika Mashariki. Katika nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili, na wengi wanaoyaimba, waliojifunza kwa baba zao waliojifunza kwa babu zao, hawajui tena maana yake.