Madawati Asante, Sasa Tuonyesheni Mikataba

(Haya ndiyo niliyozungumza na vijana wenzangu Momela. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza kelele kidogo.)

Nisiwacheleweshe, maana mawingu ya Meru hayana urafiki na mtu.

Kwanza tabasamuni. Nani ana meno ya kahawia? Msione aibu, mimi mwenyewe ndiyo haya. Siyo uchafu, ni floridi iliyomo kwenye maji ya mlima huu. Ndiyo maana kipo kituo cha utafiti pale Ngurdoto, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi hapo kwa miaka, meno yanaharibika, na ikizidi sana hata mifupa inapinda. Shikeni hilo, nitalirudia.

Niliwahi kufanya kazi kwenye shamba moja la maua. Jina naliacha. Siku moja msimamizi akaja na fulana mpya zenye nembo, tukapandishwa kwenye lori mpaka shule ya msingi kukabidhi madawati. Mimi nilishika bango. Picha zikapigwa, mwalimu mkuu akashukuru, watoto wakaimba. Nilifurahi jamani, nisiwadanganye.

Wiki ileile dada mmoja tuliyekuwa tunakata naye maua akarudi kutoka kujifungua. Akakuta nafasi yake kapewa mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Yeye hakuwa na karatasi hata moja. Akatoka getini na mtoto mgongoni. Sisi tuliobaki tukaendelea kufunga maua, na mimi nimevaa fulana ile ile.

Sasa hiyo ndiyo wanaita uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, CSR. Sikatai madawati, mtoto wa Mmeru akikaa chini sakafuni nani anafurahi? Lakini mwenye kampuni anawajibika kwanza kwa yule anayemfanyia kazi, kwa maji anayoyavuta, na kwa kodi na ushuru anaodaiwa. Dawati linakuja baada ya hapo. Ukimnyima mfanyakazi haki yake halafu ukaleta dawati, dawati hilo kalinunua yeye.

Na hili lina sheria pia, siyo maneno ya wapinzani. Kwa marekebisho ya 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa CSR na kukubaliana na halmashauri. Kwa hiyo kule Mirerani au North Mara mwananchi ana pa kushikia, hata kama utekelezaji una kona zake. Huku kwetu kwenye maua na utalii hakuna kifungu cha namna hiyo. Mwekezaji anachagua zawadi, anachagua siku, anachagua mpaka mpiga picha. Nasema chama chetu kiibebe hoja hii, sekta zote ziwekewe utaratibu kama huo.

Wazee hawa wanajua zaidi yangu. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa hapa jirani, Engare Nanyuki, ili ardhi wapewe walowezi. Wakaambiwa nendeni Kingori, mtalipwa fidia. Wengi walikataa. Wakachanga hela zao wenyewe, na 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Watu ambao nyumba zao zilichomwa walichanga! Sisi tunaona tabu kunyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji.

Ndiyo nakuja kwenye kisima. Mmesikia kuna mwekezaji anataka kutuchimbia kisima, na mkutano mkuu wa kijiji utaombwa umpokee kwa shukrani. Tutamshukuru. Ila kabla ya ngoma kupigwa, mtu aulize: maji yamepimwa floridi? Majibu ya maabara yako wapi, na yabandikwe ofisi ya kijiji. Pampu ikiharibika nani anatengeneza? Na yeye mwenyewe, kibali chake cha kutumia maji kinamruhusu kuvuta kiasi gani? Kisima kisichopimwa hapa Meru kinaweza kuwapa wadogo zetu meno kama haya yangu, halafu kwenye ripoti ya kampuni kitaandikwa ni msaada.

Wakikwambia "hayo ni mambo ya siasa", usigombane. Uliza tena lile lile swali, kwa adabu, na hakikisha mtendaji ameliandika kwenye muhtasari.

Nimemaliza. Mwenye mwandiko mzuri abaki hapa, tuandike barua ya kuomba majibu ya maabara. Nataka ifike kwa mwenyekiti wa kijiji kesho asubuhi.