Mafuta ya Akiba
(Dominika ya 32, Mwaka A)

Injili ya leo, katika sura ya 25 ya Mathayo Mtakatifu, yatuwekea mbele wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa, na wote kumi walisinzia. Tofauti yao haikuonekana jioni walipotoka, bali usiku wa manane bwana arusi alipofika: watano walikuwa na mafuta ya akiba, na watano hawakuwa nayo.

Ili tuelewe vyema jambo hili la akiba, tutazame kifaa kimoja cha siku zetu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 31 Machi 2018, kila muundo mpya wa gari dogo unaoidhinishwa sharti uwe na mtambo wa kuita msaada. Ajali kubwa ikitokea na mifuko ya hewa ikafumuka, mtambo huo hupiga namba 112 bila kungoja mkono wa mtu. Huarifu mahali gari lilipo, saa ya ajali na upande lilikokuwa likielekea, kisha hufungua njia ya sauti ili mhudumu wa dharura aseme na walio ndani. Hata dereva aliyezimia huitiwa msaada. Mwenye fahamu aweza kuuita yeye mwenyewe kwa kubonyeza kitufe.

Mtambo huo ukiharibika, safari haziharibiki. Injini yawaka, breki zashika, redio yaimba. Dalili pekee ni taa ndogo ya tahadhari mbele ya dereva. Ni rahisi kuizoea taa hiyo, kwa kuwa gari bado latembea.

Fundi mwenye busara hakimbilii kutupa mtambo mzima. Huunganisha kompyuta ya kupimia, husoma hitilafu zilizoandikwa, kisha huuliza kwa taratibu. Je, umeme wafika? Fyuzi ni nzima? Waya wa antena umelegea? Maikrofoni yasikia, na spika yatoa sauti? Katika gari lenye miaka kadhaa, mara nyingi hukuta kwamba kilichochoka ni betri ndogo ya akiba ya mtambo huo. Betri hiyo huwekwa kwa sababu katika ajali betri kubwa ya gari yaweza kupondwa, na hapo wito wote hutegemea ile ndogo. Fundi huibadilisha, huufanya mtambo ujipime, na taa huzimika. Wala habonyezi kitufe kwa kujaribu tu, asije akamshughulisha bure mhudumu anayengojwa na majeruhi.

Wapendwa katika Kristo, sisi nasi tuna betri kubwa: afya, kazi, mavuno mema, ndugu wa karibu. Zikiwapo hizo, twaweza kuacha sala ya jioni, kuahirisha Sakramenti ya Kitubio, kutoonekana katika Jumuiya, na maisha yakaendelea kama kawaida. Kisha siku moja daktari atuita pembeni, au kaburi lachimbwa nyumbani kwetu. Betri kubwa imepondwa. Tunataka kumlilia Mungu, nasi tunakuta kwamba ulimi umesahau njia.

Lakini tusiupotoshe mfano huu. Mitambo ya kwanza ya aina hiyo ilitengenezwa kwa mitandao ya simu ya zamani, ambayo katika nchi kadhaa imezimwa au inazimwa. Hivyo gari laweza kuwa zima, na wito wake usifike. Kwa Mungu si hivyo. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana wetu hakuwa na akiba yoyote, akaita katika saa yake ya mwisho, akasikiwa. Hitilafu haipo kamwe upande wa Baba. Ipo upande wetu, kwa maana moyo uliokaa miaka bila kuita waweza kufika saa ile usiamini tena kwamba yupo anayesikia. Huo ndio usiku tunaopaswa kuuogopa.

Basi tufanye nini? Tuchunguze dhamiri zetu kwa utaratibu wa yule fundi, tukiuliza jambo moja baada ya jingine. Je, tunasali, au tunatamka maneno tu? Je, tunalisikia Neno? Yupo jirani tuliyekata waya kati yetu naye? Tusiseme kwamba tumeharibika kabisa. Pengine kilichokufa ni kitu kidogo, nacho chaweza kurudishwa juma hili.

Nanyi makatekista, ajapo mtu aliyekaa mbali miaka mingi, msimhukumu mtu mzima kwa hitilafu moja. Ketini naye, mumwulize kwa upole ni wapi waya ulikatika. Na katika nyumba zetu, mtoto aliyekuwa akituambia shida zake akinyamaza, hiyo pia ni taa ya tahadhari. Tusingoje ajali.

Wanawali watano walikwenda kununua mafuta mlango ulipokaribia kufungwa. Sisi tungali mchana, na maduka yangali wazi. Mungu Mwenyezi atujalie kuitengeneza leo njia ya kumwita. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.