Sauti ya Raia ni Mali ya Wote: Wajibu wa Walei katika Habari na Mambo ya Umma



Mada tuliyopewa ni uanaharakati na vyombo huru vya habari. Ni mada inayowatia wengi hofu. Vijijini kwetu neno "mwanaharakati" hutamkwa kwa sauti ya chini, na anayechambua mambo ya umma gazetini au redioni hudhaniwa kuwa ametumwa na chama fulani. Tunataka kuonyesha jambo moja tu. Kusema hadharani juu ya mambo yanayotuhusu sote ni kazi ya zamani katika nchi hii ya Buhaya. Udhaifu wetu ni kwamba tumezoea kumwachia mtu mmoja aifanye kwa niaba yetu, na akipatwa na matatizo tunafunga milango.

1. Urithi wetu

Mwaka 1924 Wahaya waliosoma, akiwamo Klemens Kiiza, walianzisha Bahaya Union hapa Bukoba. Walidai shule na maendeleo. Mwaka 1937 wakulima walikataa kanuni za kilimo cha kahawa zilizowekwa na wakoloni bila kuwasikiliza wenye mashamba. Mwaka huohuo, Dar es Salaam, Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu, likawa mahali ambapo Mwafrika aliweza kuandika malalamiko yake kwa Kiswahili na kuyasoma.

Kule Kamachumu, wilayani Muleba, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu walikusanyika kupinga kanuni zilizohusu migomba yao. Aliyewaongoza ni Ali Migeyo, mfanyabiashara Mwislamu, ambaye baadaye alifungwa gerezani kwa ajili ya siasa zake. Wakatoliki, Walutheri na Waislamu walimsikiliza pamoja, kwa maana mgomba hauulizi dini ya anayeupanda.

Tukumbuke pia nyarubanja. Chini ya mfumo huo mkulima aliishi katika ardhi iliyohesabiwa kuwa ya mkubwa fulani, akawajibika kumlipa ili asiondolewe. Wazee wetu waliulalamikia kwa miaka mingi kabla Bunge halijatunga sheria ya kuwakomboa wapangaji hao mwaka 1965. Leo anayelima shamba lake bila kumlipa bwana anakula matunda ya maneno ya watu ambao wengi wao majina yao hatuyajui. Waliitwa wachochezi katika siku zao.

2. Msemaji anapoachwa peke yake

Katika miaka ya 1990, baada ya kurudi kwa mfumo wa vyama vingi, magazeti ya watu binafsi yalichipuka. Mojawapo lilikuwa Rai, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwana wa mkoa huu wa Kagera, ambaye safu zake zilisomwa nchi nzima. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba yeye si raia wa Tanzania. Pamoja naye walitajwa wengine watatu, mmoja wao akiwa mwenyekiti wa chama tawala mkoani kwetu. Serikali ilieleza kwamba hilo ni suala la sheria za uhamiaji. Wasomaji wengi waliona kuwa kilichoadhibiwa ni kalamu. Baadaye alipata uraia, akaendelea kuandika.

Sisi wa mpakani tunalielewa jambo hili kuliko wengine. Wengi wetu tuna shangazi upande wa Uganda, Rwanda au Burundi. Tuliona mwaka 2013, katika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu, jinsi swali la asili ya mtu linavyoweza kuitikisa nyumba nzima. Kwa hiyo mtu akiuliza habari za fedha ya umma, akajibiwa kwa kuulizwa babu yake alizaliwa wapi, tujue kwamba swali lake limekwepwa.

Wengine walilipa zaidi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa kazini Iringa tarehe 2 Septemba 2012, na askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo kwa kosa la kumuua. Azory Gwanda, aliyeripoti mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Usiku wa tarehe 30 Aprili 2025 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, aliyejulikana kwa kusema waziwazi juu ya mambo ya nchi, alishambuliwa na kujeruhiwa Dar es Salaam. Hatuwataji ili kuwatisha. Tunawataja kwa sababu msemaji mmoja ni rahisi kumvunja, lakini kijiji kizima kinachouliza swali lilelile ni vigumu kukinyamazisha.

3. Sheria inasemaje

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na pia haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, Papa Yohane XXIII aliihesabu haki ya kupata habari za kweli miongoni mwa haki za binadamu.

Hata hivyo sheria nyingine zimekuwa zikiibana haki hiyo. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliifuta ile ya kwanza, lakini Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliona kuwa baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati mbalimbali, hadi yaliporudishiwa leseni Februari 2022. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Familia zilishindwa kujua watoto wao wako wapi. Siku zile kila mmoja wetu alijifunza kwamba habari ni hitaji la nyumbani, kama maji.

4. Sauti inayoua

Lakini tusidhani kwamba kila sauti iliyo nje ya Serikali ni njema. Mkoa wa Kagera una ushahidi wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Katika nchi waliyoikimbia, redio ya watu binafsi, RTLM, ilikuwa ikiwaita binadamu mende na kuchochea wauawe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Ngara redio iliyoitwa Kwizera, maana yake tumaini, ikawasaidia wakimbizi kwa habari na mafundisho. Chombo ni kilekile. Tofauti ni kazi kiliyopewa. Basi anayetaka kuchambua mambo ya umma ajiulize kwanza: je, nimehakikisha? Je, ninahoji tendo au ninamtukana mtu kwa kabila lake? Je, niko tayari kutia jina langu chini ya maneno haya? Ujumbe unaosambazwa kwa simu bila mwenyewe kujulikana hauna tofauti na barua iliyotupwa usiku mlangoni.

5. Swali lililoulizwa vizuri

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wetu. Watu zaidi ya 15 walifariki, maelfu ya nyumba zilibomoka, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Watanzania na wageni walichanga kwa ukarimu. Mwezi huohuo Rais alitengua uteuzi wa viongozi wawili wa Serikali hapa Kagera kwa madai ya kufungua akaunti nyingine ya michango. Januari 2017 alikuja Bukoba akasema kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba wajibu wake ni kurudisha huduma za umma.

Wananchi waliuliza: tuliochangiwa ni sisi, nani aliamua matumizi, na hesabu iko wapi? Swali hilo halikuwa uasi. Mtu anaweza kukubali kwamba shule ijengwe kabla ya nyumba yake, mradi ashirikishwe na aonyeshwe hesabu. Aliyefiwa na kubomolewa nyumba akinyimwa maelezo, anabomolewa mara ya pili.

6. Tufanye nini

Kwanza, tuhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, na kwa walio mjini mkutano wa mtaa. Humo ndimo mapato na matumizi husomwa. Anayekaa nyumbani hana haki ya kulalamika njiani.

Pili, tuombe taarifa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi hiyo, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua isainiwe na watu wengi, wa dini na vyama mbalimbali.

Tatu, tutangaze bei ya kahawa katika vigango, kwenye ubao na baada ya Misa. Mkulima anayeuza kwa butura, kahawa ikiwa bado maua, husukumwa na ada ya shule au ugonjwa. Lakini kutojua bei humwongezea hasara.

Nne, asiachwe mtu peke yake. Mwandishi au mkulima aliyeitwa kuhojiwa kwa sababu ya kusema kweli asindikizwe na jumuiya yake, na familia yake itembelewe.

Wahenga walisema, penye wengi hapaharibika neno. Neno huharibika pale ambapo wengi wapo lakini wamenyamaza. Mungu atujalie ujasiri wa kusema na unyenyekevu wa kuhakikisha.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni lini mara ya mwisho tulisomewa mapato na matumizi ya kijiji au mtaa wetu? Nani kati yetu alikuwepo?
2. Ni habari gani iliyosambaa kwetu mwaka huu ambayo baadaye ilionekana si ya kweli? Ilimuumiza nani?
3. Je, yuko mtu kati yetu aliyeachwa peke yake kwa sababu alisema kweli? Tumfanyie nini wiki hii?