Livu Wakati wa Korona: Maneno ya Katibu wa Tawi kwa Wanachama



Mwakumbuka Machi 2020, Korona ilipoingia Kenya. Kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi wakati ule kilisimama, na pale getini kila mtu akapewa karatasi atie sahihi: "Nimeomba livu bila mshahara." Ndugu zangu, hakuna aliyeomba! Lakini saa za kafyu zilikuwa zimekaribia, na kila mtu alitaka kuwahi gari. Nami nilitia sahihi.

Sheria ya Ajira ya 2007 haimpi mwajiri ruhusa ya kumtuma mtu livu bila mshahara kwa amri yake tu. Livu hiyo ni mapatano. Kifungu cha 10 chasema kwamba masharti ya kazi yakigeuzwa, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, na mageuzi yaandikwe. Basi ukitia sahihi kwamba umeomba, umempa mwenye kazi ushahidi kwamba mlipatana.

Livu ya mwaka ni jambo jingine. Hiyo ni siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kwa kila miezi 12. Akitaka uitumie wakati kazi imelala, zungumzeni, lakini siku hizo atazilipa. Hawezi kukata siku na kukata mshahara pia.

Na mgonjwa je? Kifungu cha 30: ukiisha timiza miezi 2 kazini, una siku 7 za mshahara kamili, kisha siku 7 za nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mpashe mwajiri habari mapema, na ulete cheti cha daktari.

Hapa ndipo penye tundu. Mwaka ule walikuwako watu waliowekwa karantini siku 14 nao hawaugui. Mtu mzima hana cheti cha ugonjwa, na Sheria ya Ajira haisemi neno juu ya karantini. Wengine walirudi kazini wakakuta mfuko mtupu. Tundu hilo litazibwa na mkataba wetu wa pamoja, wala si na huruma ya mtu. Kamati inataka mkataba mpya useme wazi: anayezuiwa na serikali kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza alipwe, na siku zake za livu zisiguswe.

Kabla ya mazungumzo twahitaji ushahidi. Mwenye karatasi ya mwaka 2020, hata kama imechakaa, amwonyeshe mjumbe wa chama katika idara yake kabla ya Ijumaa. Yangu nimekwisha kuitoa.