Mkono Usisimame
Maneno ya wapigaji gitaa wa kwaya, Ibada ya Jubilei ya Miaka 25, Jamhuri



Tumeombwa tueleze jinsi gitaa lilivyoingia katika kwaya hii. Mnapotuona wanane hapa mbele, wengine mnadhani tulizaliwa na kipaji. La hasha. Miaka michache iliyopita hakuna hata mmoja wetu aliyejua kulishika. Tulikuwa na mpiga kinanda mmoja, na kila wimbo ulimtegemea yeye. Alipopata kazi mbali na Nairobi tulimwombea, tukamuaga, tukabaki na kinanda kilichofunikwa kitambaa.

Jumapili moja jioni tulikwenda kumjulia hali mama mmoja wa sauti ya alto, jirani yetu hapa Jamhuri, aliyekuwa mgonjwa. Alituomba tumwimbie. Tulianza vizuri, lakini bila chombo cha kutushikilia, sauti ilishuka kidogo kidogo. Kufikia ubeti wa nne, watu wa besi walikuwa wananguruma tu. Mama alicheka, akasema, "Wanangu, mmeanzia sebuleni mkamalizia kisimani. Si mjifunze hata gitaa? Lile halitaki stima." Tulicheka naye, lakini tulirudi nyumbani na aibu yetu.

Tulichanga, tukanunua gitaa moja la mtumba. Wazee wengine walisita, wakisema gitaa ni la kilabu. Hatukuwalaumu. Katika miaka ya 1950 na 1960, gitaa kavu, lisilo la umeme, lilivuma kwetu zaidi kwa nyimbo za dunia. George Mukabi wa Butere, aliyefariki mwaka 1963, alilipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada huku chupa ya soda ikigongwa kumpa mdundo. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, naye alitumia vidole viwili. Tuliwajibu wazee wetu kwa heshima kwamba Zaburi ya 150 inataja vyombo vya nyuzi bila kuuliza vilipigwa wapi jana. Walitupa miezi mitatu ya kujaribu.

Mwalimu alituonya tusianze kwa kuwaiga wakongwe hao. Kudonoa nyuzi kwa vidole ni kazi ya miaka. Sisi tuanze kwa kucharaza: kupitisha mkono juu ya nyuzi zote, kwa mdundo ambao mwimbaji anaweza kuuegemea.

Tulijifunza kodi tatu tu, G, C na D. (Kodi za gitaa, wapendwa, si ile ya nyumba ya mwisho wa mwezi.) Kwa hizo tatu tuliweza kuimba pambio zetu nyingi. Vidole vya kushoto viliuma kwa majuma kadhaa, kisha ngozi ikakomaa.

Lakini shida yetu kubwa haikuwa mkono wa kushoto. Kila mara kodi ilipobadilika, tulisimamisha mkono wa kulia ili tutazame vidole. Wimbo ulikwama kama matatu iliyoishiwa mafuta katikati ya Ngong Road. Ndipo mwalimu alipotupa sheria ambayo sasa ni msemo wetu: mkono usisimame. Kidole kikikosea, mkono uendelee. Kodi mbaya husahaulika mara moja. Mdundo ukikatika, kanisa zima hujikwaa.

Kwa juma zima hatukubonyeza kodi yoyote. Tulilaza mkono wa kushoto juu ya nyuzi ili zisilie, tukacharaza na wa kulia huku tukihesabu kwa sauti. Kwa yeyote anayetaka kuanza, mipigo yetu ni hii.

Wa kwanza: hesabu moja, mbili, tatu, nne, na kila hesabu mkono ushuke. Chini, chini, chini, chini. Basi. Usiudharau, umebeba nyimbo nzito kuliko mingine yote.

Wa pili: mkono ukishuka kwenye hesabu, uguse nyuzi tena unapopanda. Chini-juu, chini-juu, chini-juu, chini-juu. Mkono wa kupanda uwe mwepesi, uguse nyuzi nyembamba tu.

Wa tatu: chini, chini-juu, juu, chini-juu. Huu ndio uliotutoa jasho. Siri yake ni kwamba kwenye hesabu ya tatu mkono unashuka kama kawaida, ila haugusi nyuzi. Unapita hewani, kisha unapiga unapopanda. Kama bembea ya watoto: iwe na mtoto au iwe tupu, inakwenda na kurudi.

Wa nne ni wa pambio zinazokwenda na kayamba. Hesabu hadi sita, mkono ushuke mara sita, utie nguvu kwenye moja na kwenye nne.

Wimbo ukiwa chini mno kwa waimbaji, tunafunga kapo kwenye nafasi ya pili. Vidole vinashika G ileile, sauti inatoka A. Na mwimbaji wa pekee anapoanza, tunapunguza. Waumini wakisifu gitaa kuliko wimbo, tumekosea.

Miezi mitatu haikuwa imeisha Mungu alipomwita yule mama wa alto. Tulimsindikiza hadi mashambani kwao. Kando ya kaburi hapakuwa na stima wala kinanda. Wawili wetu tu ndio waliokuwa wameweza kubadilisha kodi bila kutazama, tena kwa ule mpigo wa kwanza. Walipiga chini, chini, chini, chini, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Machozi yalitutoka, vidole vilikosea, lakini mkono haukusimama, na sauti haikushuka. Tulimalizia palepale tulipoanzia. Mzee mmoja kati ya wale waliosita alitushika mkono, akasema, "Endeleeni."

Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu kwamba kila sauti, soprano, alto, teno na besi, iwe na wapigaji wawili. Hatutaki tena kwaya nzima inyamaze kwa sababu mtu mmoja amehama. Na sisi wanane tutahama, tutazeeka, tutaitwa. Kwa hiyo leo, pamoja na kumshukuru Mungu kwa miaka 25, tunawaomba wazazi jambo moja: tuleteeni watoto Jumamosi baada ya mazoezi. Gitaa lile la kwanza bado lipo, na hao ndio watakaolishika.

Sasa tutaimba wimbo alioupenda mama yetu. Tutaucharaza kwa mpigo wa kwanza, wote wanane. Mkijua maneno, imbeni nasi.